Maswali Tunayoulizwa Kila Tukishuka Ngazi

Sisi ni watu wanne. Tunatunga na kurekodi nyimbo katika nyumba ya mama yangu mdogo, ghorofa ya nne, nyumba za maendeleo za Michenzani, Unguja. Kila nikiteremka na ndoo au na kitambaa cha mteja, kuna mtu ananisimamisha ngazini kuniuliza lilelile aliloulizwa mwenzangu jana. Nimeona niyaandike yote pahala pamoja, kisha nikiulizwa nielekeze huku, nami niwahi zangu sokoni.

Kikundi chenu kinaitwaje?

Hakina jina. Tulishakaa usiku mzima kulitafuta, na kila lililokuja lilisikika kama jina la hoteli ya Nungwi au la dawa ya meno. Watoto wa chini wanatuita "wale wa ngazini". Sababu yake mtaiona mbele.

Ni nani na nani?

Mimi ni mshonaji. Natunga maneno mengi na kuimba. Ndugu yangu, mtoto wa shangazi, anapiga sanduku, ndiyo besi yetu ya kasha na mshipi. Alikuwa mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya kaskazini mpaka Machi 2020, watalii walipokatika kwa sababu ya korona, akarudi nyumbani na mashati mawili meupe na ustadi wa kukunja vitambaa vya mezani. Wa tatu ni fundi wa simu, kijana wa Darajani, ndiye mwenye kinanda na ndiye anayerekodi. Wa nne ni shoga yangu tangu skuli, mwalimu wa watoto wa darasa la pili, mzaliwa wa Wete, Pemba. Anapiga cherewa, vifuu na kila kinachoweza kugongwa, na ana sauti ya pili ambayo mie ningeiiba kama sauti ingeibika.

Huu ni muziki gani? Taarab, Zenji flava, au mnacheza tu?

Tunacheza, lakini tunacheza na vitu vya watu wazima.

Kama lazima tuwe na ukoo, basi sisi ni wajukuu wa kidumbaki. Watu wengi wanaijua taarab kwa historia yake ya kifalme: Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akamtuma mtu Misri akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi; kisha 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na ile heshima ya kukaa kitako na udi, fidla na nai. Kidumbaki ni mdogo wake aliyekulia uani. Fidla moja, ngoma mbili ndogo, mkwasa wa kugonganisha, cherewa za vifuu vilivyotiwa mbegu, na sanduku badala ya besi. Haikungoja mtu arudi Misri. Maneno yake nayo hayana subira: pale taarab inapozunguka na mafumbo ya waridi na asali, kidumbaki kinafika mlangoni na kubisha.

Sisi tumechukua sanduku na cherewa, tukaongeza kinanda cha mtoto cha betri ambacho vibonye vitatu havilii, na simu. Vijana wanatwambia ni "popu ya nyumbani". Sawa. Babu mmoja wa ghorofa ya pili anasema ni kidumbaki kilichopata homa. Hilo nimelipenda zaidi.

Mbona mnachekesha mambo ya kulia? Talaka, deni, maradhi, hayo ni ya kuchezea?

Swali hili ndilo linalokuja zaidi, na huja na sauti ya kukanya, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Hapa kwetu kusema machungu kwa wimbo si jambo jipya. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba wa mnamo 1880, aliyekuwa akitembeza vyungu vya kuuza, aliimba kesi za mahakamani na dhuluma walizofanyiwa wanawake, na mwaka 1928 akaenda na wenzake Bombay kurekodi santuri. Walipomsimanga kwa wimbo kwamba ni mtu wa shamba asiye na chochote ila sauti, alijibu kwa wimbo. Kule Makunduchi, kila Julai siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wanachapana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, na wanawake wanapita wakiimba vijembe. Watu wanarudi nyumbani wamevimba, wanacheka, wanakula pamoja. Kwa hiyo kucheza na kidonda tumekukuta.

Tofauti yetu iko kwenye upande mshale unakoelekea. Ukienda kwenye taarab ya siku hizi, ile ya mipasho, unajua namna inavyokuwa. Likipigwa neno linalomgusa hasimu wako, unainuka na noti mkononi, unaipunga juu, unapita mbele yake kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji. Hela inatunzwa jukwaani lakini risiti anapewa yule aliyekaa. Nami sikatai, nimeshatunza hivyo mara nyingi, na mara moja nilitunza hela ya kodi.

Baada ya kuachwa nilitaka kutunga mpasho. Nilikuwa na beti saba tayari, kila moja na sumu yake. Nikamuimbia shoga yangu. Akasikiliza, akasema, "Maneno mazuri, lakini huyo unayempasha hayupo. Chumbani umo wewe tu." Ikaniuma siku mbili. Siku ya tatu nikaugeuza wimbo, nikajiweka mwenyewe kwenye kile kiti cha hasimu. Nikaimba jinsi nilivyokuwa nikimpigia pasi kanzu huku nimemnunia, jinsi nilivyoficha simu ndani ya debe la mchele nisiione ikilia, halafu nikawa naenda kupika kila baada ya nusu saa. Tulicheka mpaka mama mdogo akatoka chumbani.

Tangu hapo ndiyo sheria ya kikundi: hatumpashi mtu, tunajipasha. Anayelengwa ndiye anayeimba. Ukicheka, unacheka pamoja naye, na yeye ndiye aliyeanza. Kwa hiyo hatuchezei shida za watu. Ni zetu, tunazo nyumbani, tunazijua bei yake.

Ni kweli uliachwa kwa ujumbe wa simu?

Ni kweli. Na aliyeandika alikosea.

Alikusudia "nimekuacha". Akaruka herufi moja, ikaja "nimekucha". Nikaipokea saa kumi na moja na nusu alfajiri, nje kunapambazuka, jogoo wanawika. Nusu siku nzima sikujua nimeachwa au nimeamkuliwa na mtu asiyejua Kiswahili. Nikamjibu, "Alhamdulillahi, hata huku kumekucha." Hakujibu. Baadaye mambo yalikwenda kwa kadhi yakawekwa sawa kisheria, lakini wimbo ulikwishazaliwa pale, na kiitikio chake ni hicho tu: kumekucha, kumekucha, kinanda kikiiga jogoo. Watoto wa jengo wanauimba asubuhi wakienda skuli. Hawajui ni talaka. Mie napita, natabasamu, nanunua boflo langu.

Mlianzaje?

Kwa giza. Desemba 2009 umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa kama miezi mitatu bila umeme, hadi Machi 2010. Waliokuwapo hawahitaji kusimuliwa. Mabomba yalikauka kwa kuwa pampu hazikwenda, tukawa tunapanga foleni ya maji na ndoo. Wenye jenereta waliwasha, wasio nayo walisikiliza jenereta za wenzao.

Mimi na ndugu yangu tulikuwa wa skuli bado. Redio imekufa, televisheni imekuwa kabati. Usiku tulikaa na koroboi na ndoo tupu, na ndoo tupu ukiipiga katikati inatoa sauti nene, ukiipiga ukingoni inatoa kali. Hizo ni ngoma mbili. Shangazi alikuwa akikuna nazi, mbuzi inakwaruza kwa mwendo ule ule bila kukosea, na sisi tukamfuata. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kuomba zamu yetu ya maji ifike. Haukuwa mzuri. Umeme uliporudi jengo zima lilipiga vigelegele, nasi tukauacha muziki kwa miaka, kama watu wanavyoacha mishumaa droo ya jikoni. Tuliuokota tena 2020, siku ndugu yangu aliporudi na mashati yake.

Sanduku linatengenezwaje? Naweza kujifanyia?

Unaweza, na gharama yake kubwa ni kumwomba radhi jirani.

Zamani walitumia kasha la majani ya chai, lile la mbao nyembamba, na ndiyo asili ya jina. Siku hizi kasha hilo kulipata ni kazi. Letu lilikuwa sanduku la mbao laini lililoletewa mzigo dukani. Unachotaka ni sanduku jepesi lenye upande mmoja mwembamba usio na ufa. Toboa tundu katikati ya upande huo, pitisha mshipi mnene wa kuvulia samaki wakubwa, ndani ufunge kijiti ili usichomoke. Ncha ya pili ifunge juu ya fimbo iliyo sawa, urefu wa kifua chako au zaidi kidogo. Lipindue sanduku, upande ulio wazi uwe chini, likanyage kwa mguu mmoja lisikimbie, simamisha fimbo ukingoni. Ukiivuta fimbo nyuma mshipi unakaza, sauti inapanda. Ukiilegeza inashuka. Hakuna alama za kukuonyesha noti ilipo. Sikio lako ndilo alama.

Mambo mawili hukuti mtu wa kukwambia. La kwanza, weka kijiti chini ya ukingo mmoja ili sanduku linyanyuke kidogo, maana likilala bapa sakafuni sauti inabaki ndani inasononeka. La pili, funga kitambaa vidole viwili. Ndugu yangu alijifanya mwamba, wiki ya kwanza akawa anakula kwa kijiko.

Mnarekodi vipi bila studio?

Maiki moja, tulinunua shilingi elfu thalathini na tano kwa mtu aliyekuwa anahama. Simu mbili. Kompyuta kuukuu ya fundi wetu, kioo chake kina mstari wa kijani, na ndani yake Audacity, programu ya bure. Kabla ya hapo tulitumia BandLab kwenye simu, nayo ni bure, na kwa anayeanza inatosha kabisa.

Sauti ya kuimba narekodi ndani ya kabati la nguo la mama mdogo. Si mzaha. Kuta za hizi nyumba ni saruji tupu, ukisema neno linakurudia. Kabati lililojaa kanga na mabuibui linameza mwangwi, sauti inatoka kavu na ya karibu kama mtu anayekunong'oneza. Tatizo ni joto. Nyimbo zetu nyingi ni za dakika mbili na nusu kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya ufundi.

Tukitaka kinyume chake, sauti inayoelea, tunatoka ngazini. Ngazi ya saruji ya ghorofa nyingi ni mwangwi wa bure. Anayeimba anasimama chini, maiki inakaa juu ghorofa mbili. Ndiyo maana ya "wale wa ngazini". Unarekodi mara mbili, moja ya kabatini na moja ya ngazini, kisha unazilaza pamoja, ya ngazini ukiipunguza mpaka ikaribie kupotea.

Sanduku ndilo lilitutoa jasho. Maiki rahisi haizishiki vizuri sauti nene, na hata ukizishika, spika ya simu haiwezi kuzitoa, na watu wote wanasikiliza kwa simu. Tulirekodi wimbo mzima, ukisikiliza besi haipo, kama ndugu yangu hakuja. Dawa tuliipata kwa bahati: gonga ubavu wa sanduku kwa kifundo cha kidole kila unapovuta mshipi. Ule mlio mkali unasikika kwenye simu, na sikio linajijazia lenyewe unene uliokosekana.

Mengine ni adabu tu. Kila mtu arekodi kivyake akiwa na hedifoni masikioni, ili kinanda kisivuje ndani ya sauti ya mwimbaji. Anza na cherewa, kwa sababu ndiyo itakayowashika wote mwendo. Zima feni. Hifadhi faili kubwa la WAV kabla hujatoa dogo la kutumiana. Na angalia mita ya umeme kabla, tafadhali. Wimbo wa sukari tuliurekodi mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza sote wanne tulidhani mwengine ameshanunua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla.

Na kelele za Michenzani je?

Tunazipangia. Adhana ikianza tunanyamaza, huo ndio mpaka. Muuza kahawa akipita na vikombe vyake vinavyogongana tunamwacha aingie, yuko kwenye nyimbo mbili na hakosi mapigo. Vespa hazina dawa. Mvua ya masika tunaingoja ipite, isipokuwa mara moja tuliiacha, na watu wanadhani ni makofi.

Fundi wenu ana kigugumizi. Mbona akiimba hakionekani?

Ni wengi wenye kigugumizi wanaokuwa hivyo. Maneno ya wimbo yamepangiwa njia, mapigo yanayavusha, ulimi haufiki ukakwama kutafuta pa kukanyaga. Yeye mwenyewe aligundua madrasa, kwenye kasida.

Sasa kichekesho. Alitaka kutunga wimbo wa kigugumizi chake, wa siku aliyokwenda kununua mchicha, akakwama kwenye "m" mpaka muuzaji akamfungia maembe. Tukapanga kinanda kikwame naye. Maiki ikawashwa, na kigugumizi kikagoma. Kila akiimba neno linapita kama maji. Ikabidi aigize kigugumizi chake mwenyewe, na aliigiza vibaya! Mwalimu wetu akamwambia hakishawishi. Tumeuacha vile vile, na kwenye kurekodi unasikia anacheka kabla ya beti la pili. Wapo waliotuambia tunamkejeli. Nawajibu wamuulize yeye, na wasubiri jibu kwa adabu.

Ule wimbo unaotaja Kidongo Chekundu ni wa nani? Nyimbo zinatibu wasiwasi?

Ni wa mwalimu. Ameniruhusu niandike.

Kwa wasio wa hapa: Kidongo Chekundu ndiko iliko hospitali ya maradhi ya akili, na kwa Unguja jina hilo limekuwa tusi. Mtu akivaa viatu tofauti anaambiwa apelekwe huko. Shoga yangu alikuwa hapati usingizi. Saa nane za usiku zilimkuta macho, anahesabu mambo: mtihani wa watoto, bandari ikichafuka boti ya Pemba haitaondoka, mama yake Wete hajapokea simu, kufuli. Kufuli alikuwa akiliangalia mara tisa. Mwisho alikwenda, akaonana na daktari, akapewa dawa na wa kuzungumza naye, akaanza kulala.

Ndiyo jibu la swali la pili: alitibiwa na daktari. Wimbo ulikuja miezi mitano baadaye, alipokuwa tayari anaweza kulicheka lile kufuli. Umejengwa kwa hesabu, moja hadi tisa, kila namba na wasiwasi wake, na kila wasiwasi mdogo kuliko uliotangulia, mpaka wa tisa ni kwamba huenda paka anamsema. Beti la mwisho anawajibu wale wa mzaha: mnaniambia niende, nimeshakwenda, kuna kivuli kizuri na foleni inakwenda. Siku ya kwanza tulipouimba mbele za watu, kwenye baraza moja Kikwajuni, mama mmoja wa makamo alimfuata mwalimu baada ya hapo akamshika mkono. Sikusikia waliyosemezana. Walikaa muda.

Ukiwa katikati ya usiku kama ule, usitunge. Nenda kaonane na daktari.

Hao mnaowaimba hawakasiriki?

Tuna ruhusa. Asiyekubali hayumo. Ndugu yangu ana wimbo wa meza namba saba, jinsi alivyoendelea kuhudumu nyumbani baada ya kazi kwisha, akimpelekea shangazi chai na kanga yake imekunjwa umbo la bata. Shangazi alikubali kwa sharti kwamba itajwe kuwa chai ilikuwa baridi.

Mama mdogo, aliyepatikana na maradhi ya sukari, yeye hakungoja kuombwa. Aliutunga mwenyewe jikoni, kwa vina kamili na mizani nane nane, wimbo wa mapenzi kuiaga sukari:

*Sukari wangu mwandani, tuachane kwa uzuri,*
*Umenitia tabuni, kila chai ni hatari,*
*Nakutoa kikombeni, moyoni utasubiri,*
*Nenda zako kabatini, ukaingoje futari.*

Mie mtunzi wa kikundi sijaandika beti la kulifikia hili, na analijua, na hunikumbusha. Futari yenyewe ni ya wageni. Yeye anakula muhogo na samaki.

Nataka kutunga wimbo wa shida yangu. Nianzie wapi?

Usianzie moyoni. Moyo umeimbwa vya kutosha, hauna jipya. Anzia kwenye kitu kimoja kinachoshikika: kufuli, debe la mchele, meza namba saba. Andika kilichotokea kama unavyomsimulia shoga yako, na pale utakapoona haya ukataka kuruka, hapo ndipo penye kiitikio.

Kisha hesabu mizani. Si lazima uwe malenga, lakini sentensi ya mizani nane inakaa mdomoni bila kulazimishwa, na Kiswahili kinaisha kwa irabu, kwa hiyo vina utavipata hata usipovitafuta. Shida itakuwa kuvipata vingi mno. Usiiache "-ni" ikutawale, inaingia kila mahali kama mchanga wa Paje.

Muziki uwe mchangamfu kuliko maneno. Huzuni ukiipigia muziki wa huzuni, msikilizaji anajua aende wapi, anakaa huko. Ukiipigia cherewa anachezesha bega, halafu neno linamkuta bega liko juu.

Mwimbie mtu mmoja kwanza. Asipocheka pale ulipocheka, badilisha. Akinyamaza ghafla, usiguse chochote.

Ukitaka kujifunza ala sawasawa, Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanza 2002, kinafundisha udi, kanuni, fidla na ngoma. Fundi wetu anasema akipata nafasi ataanza kanuni. Tumemwomba asianze kabla kinanda chetu cha plastiki hakijafa.

Muziki si dhambi?

Wazee wetu wenyewe hawakubaliani, wapo wanaoukataza na wapo waliokufa na fidla zao. Sisi Ramadhani hatupigi, adhana tunanyamaza, na mlango wa mtu hatuugongi. Zaidi ya hapo kila mtu na Mola wake.

Mbona hamna wimbo wa bahari, machweo na karafuu?

Mwenye hoteli mmoja alituuliza hivyo hivyo, tena na hela mkononi. Tulijaribu. Tuliandika machweo, yakageuka wimbo wa daladala ya 502 iliyotuacha Bububu jua likizama. Hakuuchukua.

Mnakuja harusini? Mnapata pesa?

Harusini tunakuja upande wa wanawake, na wimbo wa talaka hatuupigi labda bibi harusi auombe. Mmoja aliuomba. Pesa ni ya kutunzwa, na inaishia kwenye mshipi, betri na vocha. Ndoto tunazo, jukwaa la Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanywa Februari tangu 2004, tumelitazama tukiwa tumesimama nyuma, miguu inauma, tukijadili sanduku litapitaje getini.

Nyimbo zenu mmezisajili?

Tunaendelea. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake ni COSOZA, haichanganywi na ya bara. Kupiga hadharani kuna kibali cha BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar. Ukiwa unaanza, andika tarehe kwenye kila rekodi na majina ya waliotunga siku ile ile, kabla ya mapenzi kuisha. Wimbo wetu mmoja una watunzi watatu na kila mmoja anakumbuka yuko peke yake.

Ule wimbo wa daftari la dukani: deni mlilipa?

Hili anauliza kila mtu, na nadhani wengine wametumwa.

Wimbo ni ukurasa wetu wa daftari unaoimbwa kama ulivyoandikwa: mchele kilo mbili, tungule fungu moja, mbatata, sukari nusu (kabla ya mama mdogo kuiacha), boflo, boflo, boflo. Kiitikio ni mwenye duka anauliza "Lini?" nasi tunajibu "Inshallah" kwa sauti nne zilizopangwa vizuri kuliko kitu chochote tulichowahi kupanga. Tulimpelekea kabla ya kuutoa. Alisikiliza akiwa anapima maharage. Akatwambia tumekosea, tumeacha kiberiti cha tarehe kumi na mbili, akafungua daftari kutuonyesha. Tukaurekodi upya na kiberiti ndani.

Tumebakisha elfu kumi na nane. Anaupiga dukani wateja wakiwa wengi, na ukifika "Lini?" anapunguza sauti ya simu, anauliza yeye mwenyewe, na anayetazamwa ni yeyote yule kati yetu aliyetumwa chumvi.